Mama ana kisukari, presha na kitambi. Kipimo kimesema mifupa yake ni mizuri, lakini amevunjika mara mbili. Imekuwaje?

#1 Mzawa wa Chumbageni

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina jambo linaloninyima usingizi na ninaomba mawazo ya wenye ujuzi na ya waliouguza wazee.

Mama yangu ana miaka 69. Ana kisukari kwa mwaka wa 14 sasa, shinikizo la damu lilimwanza kabla ya hapo, na mwili wake ni mkubwa, hasa tumboni. Nilimpima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani nikapata sentimita 108. Miaka miwili iliyopita aliteleza kwenye kizingiti cha jiko, akauangukia mkono, ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Mwezi uliopita akaanguka tena humo humo ndani ya nyumba, akavunjika kifundo cha mguu, na hadi leo amefungwa plasta ngumu. Mara zote mbili alianguka kutoka usawa wa kusimama tu. Hakuporomoka ngazini, hakugongwa na kitu.

Daktari alitushauri tukapime uzito wa mifupa kwa mashine ya DEXA, tukasafiri kutoka Tanga hadi Dar es Salaam. Majibu yalikuja: nyonga alama ya T ni −0.4 na mgongo ni +0.3. Tukaambiwa mifupa yake ni mizuri kuliko ya wanawake wengi wa rika lake. Nilifurahi kwa dakika mbili, kisha nikajiuliza: kama ni mizuri, kwa nini inavunjika kama muwa mkavu? Je, kisukari, presha na kitambi vinahusiana na mifupa, au ni bahati mbaya tu?

#2 Mkunga Mstaafu

Pole sana, mwanangu, na mpe mama pole. Kabla hatujaanza kuizungumzia mifupa, nieleze mambo matatu. Alianguka saa ngapi? Anatumia dawa gani, na anazimeza wakati gani wa siku? Je, nyayo zake zina ganzi? Katika miaka yangu ya wodini nilijifunza kumuuliza mgonjwa habari za kuanguka kwanza, ndipo nimuulize habari za kuvunjika.

#3 Mzee wa Kahawa

Mimi nasema ni bahati mbaya. Tangu zamani inajulikana kwamba mtu mwenye mwili huwa na mifupa imara, kwa sababu mfupa hujengeka kwa mzigo unaoubeba, na majibu ya DEXA ya huyo mama yamethibitisha hivyo. Wanaovunjika ni vikongwe wembamba. Marehemu mke wangu alikuwa na kilo 94, akaishi hadi miaka 77 bila kuvunjika hata kidole, na sukari alikuwa nayo. Zaidi ya hapo, mwanamke akishakoma hedhi, mafuta ya mwilini ndiyo yanayoendelea kumtengenezea homoni ya estrojeni, na homoni hiyo hulinda mifupa. Tusimtishe kijana.

#4 Mfamasia wa Mwanza

Mzee wa Kahawa, heshima yako. Yote mawili uliyosema, ya mzigo na ya estrojeni, ni kweli kisayansi, lakini ni nusu ya habari.

Kwanza tuipe hali ya mama jina lake. Kitambi, shinikizo la damu, sukari iliyopanda, mafuta ya trigliseridi yaliyozidi na lehemu nzuri iliyopungua hupenda kutembea pamoja. Gerald Reaven, daktari wa Marekani, aliueleza mkusanyiko unaokaribiana na huo katika mhadhara wake wa mwaka 1988, ingawa kitambi hakukihesabu, na leo unaitwa sindromu ya kimetaboli. Mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na vitu vitatu kati ya vitano: kiuno kilichozidi kipimo (kwa Waafrika hutumika sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume), presha kuanzia 130/85, sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia 5.6 (mmol kwa lita, kama namba zinazofuata), trigliseridi kuanzia 1.7, na lehemu nzuri chini ya 1.3 kwa mwanamke au 1.0 kwa mwanamume. Anayetumia dawa za kutibu mojawapo naye huhesabiwa. Mama wa mwenye uzi ameshatimiza vitatu kabla hata hatujapima mafuta ya damu.

Pili, alama ya T hulinganisha wingi wa madini ya mfupa wake na ule wa vijana wenye afya. Kwa mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, −2.5 au chini yake ndiyo osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa iliyopungukiwa madini. Kwa hiyo −0.4 ni ya kawaida kabisa. Ila kipimo hicho huhesabu madini. Hakisemi chochote juu ya ubora wa kile ambacho madini hayo yameshikilia.

#5 Mzawa wa Chumbageni

Ahsanteni. Mkunga, majibu ni haya. Safari hii alianguka kama saa tisa usiku akielekea chooni. Mara ya kwanza ilikuwa saa sita mchana, siku ambayo alikuwa amechelewa kula. Dawa zake ni metformini na glibenklamaidi za sukari, amlodipini ya presha, na furosemaidi, dawa ya kukojoa, ambayo aliongezewa mwaka jana baada ya miguu kuvimba. Hiyo ya mwisho humeza jioni pamoja na nyingine. Nyayo zake zina ganzi; ndara humvuka njiani asijue.

#6 Mkunga Mstaafu

Basi mwanangu, umeshajijibu nusu. Glibenklamaidi kwa mzee huweza kuishusha sukari chini kupita kiasi, hasa akichelewa kula, na aliyeshukiwa na sukari hutetemeka, huona giza na kuanguka. Hapo ndipo ninapoiona ile ajali ya saa sita mchana. Dawa ya kukojoa ikimezwa jioni humwamsha usiku wa manane. Nyayo zenye ganzi haziioni sakafu. Macho ya mwenye kisukari cha miaka 14 yanahitaji kuangaliwa pia. Mfupa imara kiasi gani utastahimili kuangushwa mara kwa mara? Mimi ninaona tatizo liko kwenye kuanguka.

#7 Mfamasia wa Mwanza

Ninamuunga mkono Mkunga, na ninaongeza jambo moja linalopita bila watu kuliona. Amlodipini yenyewe huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Inawezekana, sisemi ndivyo ilivyokuwa, kwamba uvimbe ulitokana na dawa moja, ikaongezwa dawa nyingine ya kuutibu, na hiyo ya pili ndiyo inayomwamsha usiku na kumpotezea kalsiamu kwenye mkojo. Orodha yote ya dawa irudishwe kwa daktari wake na ajadiliane naye moja baada ya nyingine. Msiache wala kubadilisha dawa nyumbani.

#8 Maabara ya Bara

Hoja ya kuanguka ni kweli lakini haitoshi, kwa sababu watafiti waliotenga athari ya kuanguka kwenye hesabu zao bado walikuta mifupa ya wenye kisukari cha aina ya pili ikivunjika zaidi ya ilivyotarajiwa. Ngoja nieleze ninavyoielewa, nanyi mnisahihishe.

Mfupa ni kama zege lenye nondo. Madini ya kalsiamu ndiyo zege, huvumilia kugandamizwa. Nondo ni protini ya kolajeni, ambayo huupa mfupa uwezo wa kujipinda kidogo bila kukatika. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi hujishikiza kwenye kolajeni na kuzifunga nyuzi zake pamoja mahali pasipostahili, na nondo hizo hushika kutu, zikawa ngumu na kavu. Pamoja na hayo, sukari nyingi na insulini isiyofanya kazi vizuri hupunguza kasi ya mwili kubomoa mfupa mzee na kujenga mpya. Mfupa uliojaa nyufa ndogo ndogo haukarabatiwi kwa wakati. Madini yanabaki mengi, mashine inatoa alama nzuri, lakini ni nyumba ya zamani iliyopakwa rangi mpya.

Kule Uholanzi, katika utafiti wa Rotterdam ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2013, wazee ambao kisukari chao hakikudhibitiwa walikuwa na madini mengi zaidi ya wenzao kwenye mifupa, na bado walivunjika karibu mara moja na nusu ya wasio na kisukari. Waliodhibiti sukari hawakuwa na ongezeko hilo. Mzawa, sukari ya miezi mitatu ya mama (kipimo cha wastani wake kwenye damu) ni ngapi?

#9 Fundi Zege

Naomba nimsahihishe Maabara wa #8 kwenye mfano tu, kwa kuwa hiyo ni kazi yangu. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani; haiwi kavu. Ukitaka mfano wa nondo inayokatika bila kuinama, chukua ile iliyokunjwa na kunyooshwa mara nyingi. Hiyo kwa macho ni nzima, ukiipima unene haijapungua hata milimita moja, lakini ukiikunja tena hukatika mkononi. Nadhani hiyo ndiyo mifupa ya mama.

#10 Maabara ya Bara

Fundi, nimekubali na mfano wako ni bora kuliko wangu. Kuanzia leo nitautumia darasani.

#11 Mzee wa Kahawa

Mifano ya zege ni mizuri, lakini mnazungumzia kisukari peke yake. Mwenye uzi ameuliza na kitambi na presha. Nani ana ushahidi kwamba kitambi huvunja mifupa? Mimi nimesoma ya mzigo na estrojeni, na Mfamasia amekiri kwamba ni ya kweli.

#12 Binti wa Kisauni

Shikamoo Mzee. Ushahidi upo, ila unaelekea pande mbili, na tukiuweka wa upande mmoja tu tutakuwa tumemdanganya mwenye uzi.

Huko California kuna utafiti wa muda mrefu wa watu wa Rancho Bernardo. Ripoti ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba wazee wenye sindromu ya kimetaboli walikuwa na madini mengi zaidi kwenye nyonga, kama unavyosema. Lakini walipolinganishwa na watu wenye uzito sawa na wao, hesabu ikageuka: madini yao yalikuwa machache zaidi, na kadiri miaka ilivyokwenda walivunjika zaidi mifupa isiyo ya uti wa mgongo kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba uzito ulikuwa unaficha hasara.

Sasa sikiliza upande wa pili. Huko Ufaransa, wanaume wa mji wa Montceau-les-Mines walifuatiliwa katika utafiti wa MINOS. Ripoti yake ya mwaka 2010 ilisema wenye sindromu hiyo walikuwa na madini machache kwenye mifupa kuliko wenye ukubwa wa mwili kama wao, lakini walivunjika mara chache zaidi. Watu ni wazee wote, sindromu ni ile ile, majibu ya kuvunjika ni kinyume. Huenda ni tofauti ya wanaume na wanawake, huenda ni nyama za kuwakinga wanapoanguka, huenda ni wingi wa wenye kisukari kikali ndani ya kila kundi.

Kuhusu unene na kinga, mwaka 2011 utafiti wa GLOW uliohusisha wanawake wa nchi kadhaa ulionyesha kwamba wanene hawakingwi dhidi ya kuvunjika kwa ujumla. Wao huvunjika zaidi kifundo cha mguu na sehemu ya juu ya mguu. Mama wa Mzawa kavunjika kifundo cha mguu.

#13 Mswahili wa Maskati

Asalaam alaykum. Huku Oman jambo hili tunaliona kila nyumba, kwa sababu kisukari na vitambi vimejaa na wazee wetu wanaishi muda mrefu. Ninachotaka kuongeza ni kwamba tusiseme "unene" kana kwamba mafuta yote ni mamoja. Mafuta ya mapaja na makalio yana tabia yake. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, yana tabia nyingine: hutoa mfululizo kemikali zile ambazo mwili huzitumia unapopambana na jeraha au maambukizi, na kemikali hizo huziamsha seli zinazokula mfupa. Ndiyo sababu kiuno hupimwa kwa sentimita badala ya kutegemea mizani peke yake.

Halafu kuna uboho. Ndani ya mfupa kuna seli changa ambazo zinaweza kukua zikawa za kujenga mfupa au zikawa za mafuta. Kwa mzee, na zaidi kwa mwenye kisukari, nyingi huchukua njia ya mafuta. Kila moja inayokwenda huko ni fundi mmoja aliyetoroka kwenye ujenzi.

Na vitamini D pia. Huku jua ni kali mno, lakini watu wengi wana upungufu, kwani tunakaa ndani kwenye viyoyozi na tukitoka tumejifunika. Vitamini hiyo huyeyuka kwenye mafuta, hivyo mwenye mwili mkubwa huonekana nayo kidogo zaidi kwenye damu.

#14 Mtoto wa Ngorongoro

Nilijua vitamini D itatajwa. Mwaka 2012 yalichapishwa majibu ya damu za Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, na wastani wao ulikuwa 115 nmol kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa mijini hawakifikii. Hao hutembea kutwa nzima juani na kiuno chao ni chembamba. Tumpeleke mama wa Tanga juani kila asubuhi badala ya kumjazia vidonge.

#15 Maabara ya Bara

Jua la asubuhi halina ubaya, lakini tusiahidi kuliko linavyoweza. Wahadzabe wanatofautiana na mama huyu kwa mambo mengi mno kuliko vitamini moja. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao VITAL uliwapa watu vitamini D kila siku kwa miaka, na ripoti yake ya mwaka 2022 ilisema haikupunguza kuvunjika kwa watu ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Kwa mwenye upungufu wa kweli ni habari nyingine. Apimwe kwanza.

#16 Mama Lishe wa Kigoma

Naomba nitetee dagaa. Ukimla mzima na mifupa yake umekula kalsiamu. Uji wa ulezi nao una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi, ila mwenye kisukari anywe kidogo, mzito kiasi, bila sukari na uambatane na mtindi au karanga. Jambo ninalolilia ni chumvi. Dagaa wakavu, samaki wa ng'onda na vijisupu vya pakiti vimejaa chumvi, na figo zikiitoa chumvi hutoka na kalsiamu. Hapo presha na mifupa vinaumizwa na mkono mmoja. Dagaa walowekwe, maji ya kwanza yamwagwe.

#17 Binti wa Kisauni

Kwa wasomaji wa Kenya, ulezi anaoutaja Mama Lishe ndio wimbi letu. Msije mkafikiri ni mtama.

#18 Mwenye Tumaini

Sijachangia kwa muda mrefu, lakini uzi huu umenigusa. Nina miaka 61 na ninaishi na virusi vya UKIMWI kwa mwaka wa 19. Nimekuwa nikitumia dawa yenye tenofoviri, ambayo inajulikana kupunguza madini ya mifupa, na tangu nilipohamishiwa kwenye dolutegraviri nimeongezeka kilo 11, nyingi zikiwa tumboni. Mwaka jana nikaambiwa nina presha, mwaka huu sukari iko mpakani. Kwenye kliniki yangu kila chumba kinaangalia kitu kimoja: huyu virusi, yule presha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mifupa. Dawa hizi zimeniokoa na sitaziacha, lakini kuna kizazi chetu kizima kinachozeeka na hali hizi zote kwa pamoja, na swali la Mzawa ni swali letu pia.

#19 Mkunga Mstaafu

Ahsante kwa kusema, Mwenye Tumaini. Siku ya kliniki waulize kuhusu figo na mifupa kwa pamoja, maana tenofoviri hugusa vyote viwili. Ukivunjika kwa kuanguka kidogo, hata kama ni kidole, waambie.

#20 Mjukuu wa Bukoba

Mimi nina onyo kwa watakaomkimbiza mama apungue. Babu yetu alikuwa na kisukari na kitambi, miaka 74. Tulimwekea masharti makali: wali marufuku, ndizi marufuku, nyama marufuku, mlo mmoja kwa siku. Kwa miezi mitano alipungua kilo 17. Sukari ilishuka vizuri, presha ikatulia, sote tukajisifu. Mwezi wa sita aliinuka kwenye kigoda, miguu ikamkataa, akavunjika nyonga. Hakutembea tena peke yake. Tulimwondolea mafuta na tukamwondolea na misuli, na pengine na mifupa, na mpaka leo najilaumu kwamba hatukuuliza mtu.

#21 Maabara ya Bara

Pole sana, Mjukuu. Msijilaumu, hata wataalamu wamechelewa kulitambua hili. Mwili ukipungua, mfupa nao hupoteza madini kwa kuwa mzigo umepungua. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wazee wanene 160 wenye miaka 65 na zaidi waliopunguzwa uzito kwa miezi sita. Waliofanya mazoezi ya kutembea na kuendesha baiskeli ya mazoezi tu walipoteza karibu asilimia 3 ya madini ya nyonga. Waliochanganya hayo na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito walipoteza kama asilimia 1, na misuli yao ikabaki zaidi. Kwa mama wa Tanga, plasta ikishatoka na daktari akiruhusu, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi, au kunyanyua chupa za maji, si mchezo wa watoto. Na protini isikatwe: maharage, mayai, samaki.

#22 Mzee wa Kahawa

Maneno ya Mjukuu yameniumiza, na ninakubali kwamba kupungua si baraka wakati wote. Lakini bado nina swali. Mwaka 1968 daktari aitwaye Solomon aliandika kwamba Waafrika wa Johannesburg walivunjika nyonga mara chache sana, ingawa maziwa hawakunywa kama Wazungu. Hata mimi nikiwa mdogo Kilwa sikuona bibi aliyevunjika nyonga. Walitwanga, waliteka maji, walilima. Je, si kwamba kazi ndiyo iliyoondoka, na kitambi, kisukari na mifupa dhaifu ni watoto watatu wa mama mmoja? Labda hakuna kinachomsababisha mwenzake.

#23 Binti wa Kisauni

Hiyo ni hoja nzito, Mzee, na kuna wanaokaribiana nawe. Mwaka 2005 vyama vya wataalamu wa kisukari vya Marekani na Ulaya vilitoa tamko la pamoja vikihoji kama sindromu hii ni ugonjwa mmoja au ni jina tu tulilolipa kundi la hatari zinazokaa jirani. Kwenye mifupa swali hilo ni kali zaidi, kwa sababu ndani ya kundi moja kuna kinachojenga (uzito) na kinachobomoa (sukari, mafuta ya tumboni). Ukivijumlisha unaweza kupata sifuri na kusema hakuna uhusiano, kumbe ndani kuna vita.

Ila kuhusu mabibi wa Kilwa, wengi hawakufika miaka 80, na aliyevunjika nyonga kijijini alilazwa kitandani, akafariki, ikasemwa ni uzee. Kutomwona mtu hakumaanishi hakuwepo.

#24 Picha za Ndani

Ninafanya kazi ya mionzi, naomba kuongeza sababu ambayo haijatajwa: pengine namba yenyewe imepambwa. Kwa watu wa umri huo, pingili za mgongo huota vichomozo vya mifupa kwa ajili ya kuchakaa, na mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele yake huweka chokaa, hasa kwa mwenye presha na kisukari. Mashine huhesabu hayo yote kama mfupa. Hiyo +0.3 ya mgongo mimi nisingeitegemea sana. Ya nyonga ina nafuu. Tena pingili inaweza kuwa imeshasagika kimya kimya bila maumivu makali. Picha ya kawaida ya eksirei ya mgongo, ya ubavu, ingeonyesha.

#25 Mzawa wa Chumbageni

Nimerudi na habari. Jana tulikwenda kliniki. Sukari ya miezi mitatu ni asilimia 9.8. Daktari amesikiliza habari za dawa kwa utulivu, ameondoa glibenklamaidi na kuweka nyingine, na furosemaidi ameisimamisha kwa majaribio huku akiiangalia presha. Tumeweka taa ya usiku ukumbini na kuondoa mkeka uliokuwa ukikunjika mlangoni mwa chumba chake.

Swali langu sasa ni moja. Kuna jirani anayetumia alendronati kwa ajili ya mifupa. Mama naye anaistahili, ilhali kipimo kimesema −0.4? Daktari alisema atashauriana na mwenzake.

#26 Mfamasia wa Mwanza

Umefanya kazi kubwa, kaka. Kwa swali lako madaktari wenyewe hawajakubaliana. Kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008, hukadiria uwezekano wa kuvunjika kwa miaka kumi, lakini cha kawaida hakina kisanduku cha kisukari cha aina ya pili. Baadhi ya madaktari hujaza kisanduku cha baridi yabisi ili hesabu isipungue. Wengine huishusha alama ya T kwa 0.5, kwa sababu ilionekana kwamba mwenye kisukari huvunjika mapema kuliko mwenzake wa alama hiyo hiyo. Kwa mama, −0.4 ingesomeka kama −0.9, ambayo bado si osteoporosisi. Kwa upande mwingine, mkono na kifundo vimeshavunjika, na wapo wanaosema mfupa uliovunjika una uzito kuliko namba yoyote. Figo zipimwe kabla ya dawa hiyo kujadiliwa.

Na usiamini kwamba dawa zote za presha na sukari ni adui. Dawa za kukojoa za jamii ya thaiazaidi, tofauti na furosemaidi, huibakiza kalsiamu mwilini. Katika uchambuzi wa watu zaidi ya 20,000 wa utafiti wa ALLHAT, waliopewa klothalidoni, dawa ya jamii hiyo, walivunjika nyonga au fupanyonga mara chache kuliko waliopewa aina nyingine mbili za dawa za presha. Kinyume chake, dawa za sukari za jamii ya pioglitazoni zimehusishwa na kuvunjika mifupa kwa wanawake.

#27 Mwalimu wa Iringa

Nimesoma yote na nimebaki na kisa kisichoingia kwenye maelezo yenu. Dada yangu ana kisukari cha aina hiyo hiyo, presha pia, lakini ni mwembamba, kiuno sentimita 76, na sukari yake ya miezi mitatu ni 6.4. Haanguki, haoni giza. Mwezi wa nne alikohoa kwa nguvu akasikia mgongo umelia. Eksirei ikaonyesha pingili imesagika. Hapo kitambi hakipo, sukari imedhibitiwa, kuanguka hakukuwepo. Mtasemaje?

#28 Mzee wa Kahawa

Si nilisema wembamba ndio wanaovunjika?

#29 Maabara ya Bara

Mzee, huyo mmoja hatoshi kukushindia kesi. Mwalimu, amekuwa na kisukari kwa miaka mingapi, na hedhi ilikoma akiwa na umri gani? Je, amewahi kutumia vidonge vya pumu vya jamii ya steroidi?

#30 Mkunga Mstaafu

Mzawa, nilisahau jambo dogo lisilo na gharama. Tafuta kitambulisho au kadi yoyote ya zamani ya mama iliyoandikwa urefu wake, halafu plasta ikitoka msimamishe ukutani bila viatu umpime upya. Kama amepungua sentimita nne au zaidi, mwambie daktari siku hiyo hiyo, na ile eksirei aliyoisema Picha za Ndani isisubiri.

#31 Mzawa wa Chumbageni

Nimeipata kadi yake ya kazi ya mwaka 1988. Imeandikwa sentimita 161. Plasta inatoka Jumanne.